Mita nayo inakula posho

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mtoto. Kitu chenyewe ni betri. Sisemi betri ya gari wala ya simu, nasema ile iliyofungiwa ndani ya mita, pamoja na zile tunazozitia wenyewe katika rimoti ya mita. Najua wapo watakaosema kwamba mtangazaji huyu leo amekosa la kusema. Naomba mnivumilie kidogo, kwani jambo hili linagusa mfuko wa kila mwenye bomba au umeme nyumbani kwake, nalo lina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Sehemu ya historia hiyo ilipita hapa hapa kwetu Cheyo, chini ya miembe ya Tabora.

Kilichonikumbusha ni tukio dogo la nyumbani. Usiku mmoja wa mwezi wa kumi, joto likiwa bado limo ukutani kama mkate uliotoka tanuruni, uniti zilikwisha. Si neno, nikanunua umeme kwa simu, na tarakimu ishirini zikaja papo hapo. Nikashika rimoti ili niziingize, nayo kimya. Betri zimekufa, na mwenye makosa ni mimi mwenyewe, kwani nilikuwa nimenunua zile za bei ya chee. Duka la jirani limekwisha kufungwa. Tukachomoa betri ya saa ya ukutani na nyingine ya rimoti ya televisheni, tukazitia, taa zikawaka. Saa ya ukutani ikasimama saa mbili na dakika ishirini, ikakaa hivyo mpaka asubuhi. Bibi mmoja jirani yetu, aliyekuwa amekaa barazani kwake akitusikiliza tunavyohangaika, akaniambia: "Mwanangu, sisi zamani tukikosa mafuta ya taa tulilala. Ninyi umeme mmeshaununua, na bado mnakaa gizani?"

Sikuwa na jibu. Lakini nililala nikiliwaza neno lake, maana lina uzito. Umeme nimeulipia, mita ninayo, waya unafika hadi nguzoni. Kilichonizuia ni kitu ambacho hakikutajwa siku nilipolipia kuunganishiwa umeme. Na mambo ya namna hii njia yetu hii iliyajua zamani sana.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani mwishoni mwa Juni, wakafika Kazeh, yaani Tabora hii, tarehe 7 Novemba. Safari yao ilichukua siku 134. Njia waliyoipita haikuwa yao. Ilikuwa imekwisha kukanyagwa na wapagazi wa Kinyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kama frasila mbili begani, kilo thelathini na kitu. Fedha ya njia hiyo ilikuwa nguo, yaani merikani na kaniki, pamoja na shanga na masango. Shuka moja ilihesabiwa mikono minne, doti mikono minane. Na mkono wenyewe ulikuwa mkono kweli, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Ndiyo kusema kipimo kilikuwa mwili wa mtu. Mwenye mkono mrefu aliponunua alifurahi, na alipouza alitafuta mwenye mkono mfupi ampimie.

Nafaka nayo ilipimwa kwa kibaba, na posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja kwa siku. Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo penye kiini cha mazungumzo ya leo. Chukua msafara wa wapagazi mia moja, uende kwa mwendo ule wa Burton wa siku 134. Ni vibaba 13,400, na vyote vinatakiwa njiani, kwa kubadilishana na nguo ile ile iliyobebwa. Mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyepiga hesabu ya bei ya nguo na ujira wa wapagazi, akaisahau posho, alifika Unyanyembe mzigo umepungua naye hajauza kitu. Mzigo ulijila wenyewe.

Kisha kulikuwa na hongo. Kila mtemi aliyemiliki maji na njia alidai chake, na wakubwa wa misafara walilalamika sana, hasa kule Ugogo ambako visima vilikuwa vichache. Hapa Unyanyembe mtemi Fundikira aliwaacha wafanyabiashara wa Kiarabu wapite bila kodi. Mnywa Sele alipomrithi akataka bidhaa zao zitozwe, wakapigana naye, na yapata mwaka 1860 wakamwondoa na kumweka Mkasiwa mahali pake. Mwaka 1871 Mirambo akaifunga njia ya kwenda Ujiji. Stanley, aliyekuwa anamtafuta Livingstone, ikambidi azunguke upande wa kusini. Ugomvi wote huo, ukiuangalia vizuri, ulikuwa juu ya gharama ya njiani: nani ailipe, na nani aliambiwa mapema. Bei ya nguo yenyewe haikumpiganisha mtu.

Sasa, reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 mpagazi alianza kupoteza kazi, na baadaye vikaja vipimo vya kigeni: mizani ya chuma, pishi ya serikali, na mita. Mita ya umeme ya zamani wengi wetu tunaikumbuka, ile yenye kisahani cha alumini kinachozunguka nyuma ya kioo. Asili yake ni Ulaya, mwaka 1889, katika kiwanda cha Ganz mjini Budapest, kwa mhandisi aitwaye Ottó Bláthy. Uzuri wake ni kwamba kile kile inachokipima ndicho kinachoiendesha. Umeme ukipita kisahani kinazunguka, usipopita kinatulia. Haina betri wala saa, na ilikuwa kawaida kuikuta ukutani miaka thelathini ikiendelea kuhesabu, buibui wamejenga juu yake. Mita ya maji ya kawaida, ambayo wataalamu wanaiita dira, ni ndugu yake. Maji yenyewe ndiyo yanayosukuma gurudumu dogo lililomo ndani.

Lakini tusiwe watu wa kusifu kila cha kale. Mita ile nayo ilikuwa na posho yake, ila iliyaliwa na mtu mwingine. Ilitaka msoma mita aje na daftari kila mwezi, apambane na mbwa na mageti yaliyofungwa. Asipoingia ndani alikadiria, na bili za kukadiria zimevunja urafiki mwingi kati ya mteja na shirika. Kisha bili ipelekwe, isipolipwa aje mkata umeme, akishakata aje wa kurudisha. Gharama ya watu wote hao ilikuwamo ndani ya bei ya umeme, ingawa hakuna aliyeiona.

Habari ya betri zenyewe Watanzania tulijifunza kwa redio. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda Dar es Salaam, na betri za National zikaenea mpaka vijijini. Wenzetu wa Kenya nao walipata kiwanda cha Eveready mjini Nakuru mwaka 1967, kilichofungwa mwaka 2014. Redio ilinunuliwa mara moja, pengine kwa fedha za msimu mzima wa tumbaku au pamba. Betri zilinunuliwa kila mara. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza vipindi vya redio na kujadiliana juu ya vyoo, maji safi na malaria. Tunaisifu kampeni ile, na inastahili sifa. Ila kila kikundi kilikuwa na redio, na kila redio ilikuwa na betri ambazo mtu alizinunua. Wazee wanakumbuka betri zilizoanikwa juani juu ya paa ili zipate nguvu ya kusikiliza taarifa ya habari ya saa mbili tu, na zilizotobolewa kwa msumari na kutiwa maji ya chumvi. Sisi tunaotangaza tungepaswa kulijua hilo kuliko wote. Maneno yetu yalimfikia msikilizaji kwa gharama ya betri aliyoinunua yeye.

Tofauti ni kwamba mwenye redio alijua. Sauti ilianza kukwaruza, ikafifia, akajua kesho aende dukani. Betri ya redio humwambia mwenyewe kwamba inakufa. Naomba mlishike hilo, maana betri ya leo haisemi.

Katikati ya miaka ya 1990 TANESCO ilianza kufunga mita za LUKU, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, kwanza Dar es Salaam. Kulipa kabla ya kutumia si jambo jipya duniani. Uingereza walikuwa na mita za gesi za kutumbukiza peni tangu mwishoni mwa miaka ya 1880. LUKU iliondoa bili za kukadiria na ikamwondoa msoma mita. Kwa kuwa imeunganishwa na waya wenyewe, inakula umeme kidogo wa shirika, na kwa kazi yake ya kila siku haihitaji betri.

Baadaye mita zikapandishwa nguzoni ili zisichezewe, na mteja akaachiwa rimoti nyumbani ya kuingizia tokeni. Hapo ndipo betri ilipoingia, na ikaingia kimyakimya. Mita ni mali ya shirika, waya ni wa shirika, lakini betri za rimoti ananunua mteja. Si fedha nyingi, nakubali. Hata hivyo angalia lilivyopita: kipande cha gharama ya kupima umeme kilitoka kwenye vitabu vya shirika kikaingia kwenye kikapu cha mama anayekwenda gengeni, bila mkutano wala tangazo.

Kinyume chake ni jambo lililotangazwa mno. Mita za LUKU na za nchi nyingine nyingi hutumia utaratibu mmoja wa tokeni uliozaliwa Afrika Kusini. Kabla ya marekebisho ya mwaka 2024, kila tokeni ilibeba ndani yake hesabu ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilitosha dakika milioni kumi na sita na laki saba na kitu, na nafasi hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Siku hiyo ikipita, mita ambayo haikurekebishwa ingekataa kila tokeni mpya. Ndiyo maana mwaka 2024 TANESCO ilitutaka tuingize makundi matatu ya tarakimu ishirini ishirini, mawili ya kurekebisha mita na la tatu la umeme. Tulinung'unika, tukakosea, tukarudia. Wakenya walifanya hivyo hivyo, na Waganda pia, na mamilioni ya watu wengine duniani.

Nalitaja jambo hilo kwa sababu moja. Tarehe ilijulikana. Ilihesabiwa, ikaandikwa, ikatangazwa redioni, na kazi kwa sehemu kubwa ikafanywa kwa tarakimu tu. Betri iliyomo ndani ya dira ya maji nayo ina siku yake ya kufa. Lakini siku hiyo haijaandikwa popote ambapo mteja anaweza kuisoma, na ikifika, tarakimu hazitasaidia. Lazima mtu aje na bisibisi.

Hapo ndipo tulipo sasa. Tabora ilikunywa maji ya bwawa la Igombe kwa miaka mingi, na wanaokumbuka foleni za ndoo za kiangazi hawahitaji kusimuliwa. Kufikia mwaka 2021 maji ya Ziwa Victoria yalikuwa yamefika kwetu kutoka Ihelele, kupitia Nzega, kwa mkopo mkubwa kutoka India. Maji yakishafika, swali linalofuata kila mji ni la kukusanya fedha, na Wizara ya Maji imekuwa ikizihimiza mamlaka za maji kufunga dira za malipo ya kabla. Mimi sipingi. Dira hizo zinamwepusha mteja na bili asiyoielewa, na zinaiepusha mamlaka na madeni sugu, yakiwamo ya taasisi za serikali zenyewe.

Ila dira si LUKU. Bomba la maji halina umeme ndani yake. Dira ya malipo ya kabla inatakiwa ihesabu, ikumbuke salio, ipokee tokeni, na ifunge na kufungua koki kwa mota ndogo. Nyingine hutuma habari zake ofisini kwa mawimbi ya redio. Yote hayo yanafanywa na betri moja iliyofungiwa ndani. Mara nyingi ni betri ya lithiamu ya volti 3.6, isiyochajiwa, aina ambayo watengenezaji huahidi kwamba itadumu miaka kumi, kumi na mitano, hata zaidi. Wazungu nao wamekutana na jambo hili. Mita za kisasa za gesi kule Uingereza huendeshwa kwa betri, kwani hakuna anayependa kuvuta waya wa umeme hadi penye bomba la gesi.

Ahadi ya miaka kumi na mitano si uongo. Ni ahadi ya maabara, penye ubaridi, penye koki inayofunguliwa mara chache. Betri ya namna hii ikikaa bila kazi hupoteza nguvu kidogo sana kwa mwaka, lakini joto huongeza upotevu huo, na dira iliyowekwa ndani ya kisanduku cha chuma kwenye jua la Tabora la mwezi wa tisa haiko maabara. Halafu kila mzunguko wa mota na kila kurusha mawimbi huvuta umeme mwingi kwa mkupuo. Na hapa kuna ubaya niliousema: nguvu ya betri hii haifii polepole kama ya redio. Ukiipima mwaka wa pili utakuta volti zile zile za mwaka wa saba. Inasimama sawasawa, inasimama sawasawa, kisha inaanguka ghafla. Fundi aliyekuja na kipimo cha kawaida Jumatatu akaondoka ameridhika, anaweza kuitwa Ijumaa.

Sasa niwaombe mfikirie watu wawili wa mtaa mmoja. Wa kwanza ana mshahara, ananunua maji ya mwezi mzima mara moja. Koki yake inafunguka, inakaa wazi. Wa pili anauza maandazi, ananunua maji ya shilingi elfu moja leo na ya elfu moja keshokutwa. Kila salio likiisha koki inafunga, kila tokeni ikiingia koki inafungua. Betri ya nani itakufa kwanza? Ya muuza maandazi. Huyu mwenye kipato kidogo atakuwa ndiye mwenye dira inayochoka mapema, kwa sababu ile ile ya kuwa na kipato kidogo. Hili sijalisikia likizungumzwa katika mkutano wowote wa uzinduzi.

Na betri ikifa, koki inabakije? Ni swali la muundo, wala si la bahati. Ipo dira iliyotengenezwa ili ikiishiwa nguvu ibaki wazi, na hapo maji yanakwenda bure na mamlaka inapata hasara mpaka fundi afike. Ipo ya kufunga, na hapo mteja mwenye salio lake anabaki mkavu. Aliyeandika zabuni ndiye aliyechagua ni yupi kati ya hao wawili atakayeumia, hata kama hakujua kwamba anachagua.

Twende kwenye fedha. Namba nitakazotoa ni za ubaoni tu, za kujifunzia, si za mamlaka yoyote. Tuseme mji una dira 20,000. Tuseme kubadilisha betri moja, pamoja na petroli ya pikipiki, muda wa fundi na lakiri mpya, kunagharimu shilingi 40,000. Betri zikidumu miaka 15, gharama kwa kila mteja ni kama shilingi 222 kwa mwezi. Zikidumu miaka 8 ni kama shilingi 417. Kwa mteja mmoja mtu atasema ni bei ya andazi na chai. Kwa mji, hata hivyo, ni shilingi milioni 100 kila mwaka badala ya milioni 53. Na kama kikosi kimoja cha mafundi kinaweza kubadilisha kumi kwa siku, betri 2,500 kwa mwaka ni siku 250 za kazi, yaani mwaka wote wa kikosi hicho hakifanyi kitu kingine. Mabomba yanayovuja yatamngoja nani?

Hesabu hiyo nayo ni ya huruma, kwani imegawa vifo sawasawa kila mwaka. Betri hazifi hivyo. Dira zilizofungwa zote katika mradi mmoja zina umri mmoja, na watoto wa rika moja huota meno pamoja. Kule Toronto, Kanada, jiji lilifunga vifaa vya kurusha habari za mita za maji, vinavyotumia betri, kati ya mwaka 2010 na 2015, vipatavyo 470,000. Vilitarajiwa kudumu miaka 20. Vikaanza kuzimika kwa wingi kabla hata ya muda huo, na jiji likajikuta linarudi kwenye bili za makadirio huku likipanga kuvibadilisha vyote. Hao ni watu wenye jiji tajiri na mkataba wenye dhamana. Karibu na kwetu, uchunguzi wa Benki ya Dunia uliotolewa mwaka 2014 juu ya miji minane ya Afrika, ikiwamo Kampala na Nakuru, ulionyesha kwamba dira za malipo ya kabla ni ghali zaidi kununua na kutunza kuliko za kawaida.

Nimesema betri inabadilishwa, lakini hata hilo si la hakika. Dira nyingine zimemiminiwa gundi ngumu ndani ili maji yasiingie, na betri imo humo humo. Ikifa, unatupa dira nzima. Hapo ile shilingi 40,000 ya ubaoni haina maana tena. Gharama ya betri imekuwa bei ya dira mpya. Na pale inapobadilishwa, lakiri imekatwa, na dira ikikatwa lakiri lazima ithibitike kwamba bado inapima sawa, kazi ambayo kwa nchi yetu ni ya Wakala wa Vipimo. Betri iliyokufa nayo ni taka ya hatari. Lithiamu na maji ni maadui, na kuitupa katika jalala la mtaa ambako watoto wanaokota vyuma si jambo la kufumbia macho.

Basi nani alipe? Wapo wanaosema mteja, kama anavyonunua betri za rimoti. Nawapinga. Dira ni mizani ya muuzaji. Ukienda gengeni kununua sukari, huambiwi ununue na jiwe la mizani. Lakini pia siungi mkono wale wanaosema mamlaka ibebe, kisha wakaishia hapo, kana kwamba mamlaka ina shamba la fedha. Mnakumbuka ile ada ya huduma ya shilingi 5,520 kwa mwezi iliyokatwa kwenye LUKU? EWURA iliiondoa kuanzia tarehe 1 Aprili 2016, tukashangilia, na mimi nilishangilia hewani. Gharama ambazo ada ile ilikuwa inazilipia hazikuondoka siku hiyo. Zilihamia mahali ambapo hatuzioni. Na miaka mitano baadaye, Agosti 2021, mita ile ile ikapewa kazi nyingine ya kukusanya kodi ya majengo, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 shilingi 1,500. Mita zetu zimekuwa kama watemi wa Ugogo, kila apitaye aache kitu. Silaumu, kodi hulipwa. Lakini hiyo angalau ilitajwa jina na kiasi chake bungeni.

Ninachotaka mimi ni hicho hicho kwa betri. Mamlaka inapopeleka maombi ya bei kwa EWURA, posho ya dira iandikwe wazi: betri inatarajiwa kudumu miaka mingapi katika joto letu, ikifa kabla ya hapo mwuzaji anadaiwa nini, fungu la kubadilisha linakusanywa kuanzia mwaka gani. Wananchi huitwa katika mikutano ya kutoa maoni juu ya bei. Nimehudhuria mikutano ya namna hiyo kikazi, na maswali huwa ni juu ya mgao na bili. Sijamsikia mtu akisimama kuuliza dira itakula nini ikishafungwa. Mpagazi angeuliza swali hilo kabla hajatoka Bagamoyo, akakataa kubeba mzigo mpaka ajibiwe.

Yule bibi jirani yangu aliponisikia naandaa mazungumzo haya alicheka. Akaniletea rimoti yake niione. Nyuma yake, kwa kalamu ya wino, ameandika tarehe ya kila mara alipotia betri mpya, mistari minne, mmoja chini ya mwingine. Wa kwanza na wa pili vimepishana miezi kumi na minne. Wa tatu na wa nne, miezi mitano. "Hizi za mwisho," akasema, "nilinunua pale pale ulikonunua wewe." Nami nimeandika tarehe nyuma ya yangu, na betri ya saa ya ukutani nimeirudisha mahali pake.